free() moja niliyoiandika Kayanga ilivyompa mtu mwingine mtoto wa Stanislas

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko nyumbani na nyie mnaosoma mkiwa ofisini huku bosi akidhani mnajaza ripoti.

Wiki hii humu kuna kijana kaanzisha uzi akisema C ni lugha nyepesi ya kuandikia programu za kompyuta, na kwamba habari za pointer inayoning'inia ni vitisho vya wazee waliokosa kazi. Watu wakamgongea likes za kutosha. Nilisoma nikaweka simu chini. Nikaichukua tena. Nimeona leo niseme.

Nitakachoandika kimetokea, na mimi ndiye niliyekosea, kwa hiyo sina sababu ya kujipaka mafuta. Majina nimeacha ya kwanza tu. Shirika silitaji, msinisumbue PM kuuliza.

Twende.

Ni Kayanga, katikati ya miaka ya tisini. Wakati huo Karagwe ilikuwa bado kubwa, Kyerwa haijakatwa kuwa wilaya yake. (Wale mnaodhani Kagera yote ni Bukoba mjini, ramani ipo, itumieni.)

Mimi ni Mhaya wa Muleba. Nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta wakati watu wengi wa kwetu hawajaiona hata kwenye picha, na nilihakikisha kila ninayekutana naye analijua hilo. Sisi Wahaya tunaitwa nshomile, yaani "nimesoma", kwa kututania. Kuna ambao wanakereka na hilo jina. Mimi sikukereka.

Shirika moja la misaada lilikuwa limepanga nyumba pale Kayanga, likafungua ofisi ya kutafuta wazazi wa watoto waliopotea. Wenye umri wanakumbuka hali. Watu walivuka kutoka Rwanda kwa makundi, mama anatokea huku, mtoto anatokea kule. Watoto wengine waliokotwa njiani na wenyeji wakawachukua majumbani kwao, Kihanga, Kamuli na kwingineko, wakala nao ndizi walizokuwa wanakula.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu itakayomuunganisha mtoto na mzazi. Niliiandika kwa C. Tulikuwa na kompyuta moja, printa moja yenye kelele za mashine ya kukoboa, na jenereta ambayo dereva ndiye aliyekuwa fundi wake.

Kabla sijafika, kazi hiyo ilifanywa na mama mmoja, Imelda. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani sana, wakalima Kihanga mpaka wakawa watu wa Kihanga. Anaongea Kinyarwanda, Kinyambo, na Kiswahili cha taratibu, anachagua maneno kama anachagua mchele.

Mama Imelda alikuwa na kadi za karatasi ngumu kwenye maboksi ya sabuni. Kila mtoto na kadi yake, kila mzazi na yake. Akipata wawili ambao maelezo yao yanakubaliana, anatoboa kadi zao tundu na kuzifunga pamoja kwa uzi wa kushonea magunia.

Nilicheka nilipoona. Sikucheka kimoyomoyo, nilicheka akiwepo.

Programu ilipoanza kufanya kazi nikamwambia bosi kuwa kutunza kumbukumbu sehemu mbili kunaleta mkanganyiko. Karatasi itakayotoka kwenye printa iwe ndiyo ya mwisho. Bosi akapenda. Maboksi yakaenda stoo, na Mama Imelda akabaki wa kutafsiri na kuchemsha chai. Hakuna aliyenituma kusema yale. Nilijituma.

Sasa Stanislas.

Alikuwa kibarua wa mashambani, mwanaume mrefu, maneno machache. Mkewe alifia njiani. Binti yake, Mariya, alikuwa ameshikwa mkono na shangazi yake, na baadaye shangazi akaonekana bila mtoto. Kumtafuta huyo Mariya ndiko kulikomleta Stanislas kwetu.

Alijiandikisha kwanza kwenye meza yetu ya Kihanga, na aliyemsikiliza ni Mama Imelda, aliyekuwa kule kutafsiri. Mama akakumbuka kuna mtoto Kamuli, wa miaka minne hivi, anayejua jina lake moja tu, Mariya, na aliyeokotwa akiwa amevaa gauni lililokatwa kutoka kitenge cha mtu mzima. Stanislas alikuwa amekitaja hicho kitenge, rangi na maua yake, bila kuulizwa. Mama akaandika kadi, akafunga uzi, maana mkono ulishazoea. Akanipa karatasi nikaingiza kwenye kompyuta. Mtoto Mariya, mzazi Stanislas.

Utaratibu ulikuwa mzazi haambiwi kitu mpaka mtu wetu akahakiki, tusije tukampa mtu matumaini ya bure. Kwa hiyo Stanislas hakujua kama ameshapatiwa. Siku chache baadaye akatembea mpaka Kayanga akajiandikisha upya kwenye meza nyingine. Mwenye shida hapigi hodi mlango mmoja.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa linamsubiri.

Nisikilizeni, hata ambaye hajawahi kuandika code ataelewa.

Kwenye kompyuta, kila mtu uliyemwandika anapewa nafasi kwenye memory, na kila nafasi ina anwani yake. Rekodi ya mtoto haikuwa imebeba jina la mzazi. Ilibeba anwani ya mahali mzazi alipo. Hiyo ndiyo pointer.

Huku kwetu ukiuliza njia utaambiwa "ukifika kwa Rwegoshora, kata kulia." Unafika, unakuta Rwegoshora aliuza kibanja zamani akahamia mbali, migomba ni ya mtu mwingine kabisa, ila wanakijiji bado wanasema kwa Rwegoshora. Mwenyeji hapotei maana anajua habari. Mgeni ataingia pale na kumwamkia mwenye nyumba kwa jina la Rwegoshora. Na kompyuta siku zote ni mgeni.

Programu yangu ilikuwa na sehemu niliyoiita safisha. Ikiona mtu kajiandikisha mara mbili, inabakiza rekodi mpya, ile ya zamani inaiachia kwa free(). Nafasi ile inarudi, kompyuta iko huru kumpa mwingine.

Nilichosahau ni mtoto. Mariya alibaki ameshika anwani ya Stanislas wa kwanza, ambaye mimi nimeshamfuta. Hiyo ndiyo pointer inayoning'inia.

Mchana ule ule, dakika chache baada ya kusafisha, waliingia mume na mke. Mume anaitwa Gaspard. Nao walipoteza binti, akiwa na miaka miwili tu, naye Mariya. Msishangae, Mariya walikuwa tele, watu wa Kanisa wale. Nikawaandikisha. Kompyuta ikatafuta nafasi tupu inayowatosha, ikawapa ile ile.

Jioni programu ikahifadhi kila kitu kwenye diski. Mtoto Mariya, mzazi Gaspard. Kuanzia hapo hata ukizima kompyuta na kuiwasha, jibu ndilo hilo.

Vijana, bug inayokwamisha kompyuta ni rafiki yako, inakuita uje. Ile ya kwangu haikukwamisha kitu. Ilitoa jibu safi lenye adabu zake zote. Kuna mara mbili tatu huko nyuma printa iliwahi kutema herufi za ajabu katikati ya orodha. Nikalaumu vumbi la Kayanga. Nikalaumu jenereta. Hata dereva nilimlaumu.

Halafu kuna suala la majina, na hili hutalikuta kwenye kitabu chochote cha C.

Kuna sehemu mtoto anabeba jina la baba, na kaka na dada wote wanaitwa jina moja la ukoo. Kosa langu lingetokea huko, karatasi yenyewe ingepiga kelele: mtoto ana jina hili, mzazi jina lile, inakuwaje? Kwa Wanyarwanda haiko hivyo. Kila mtoto anapewa jina lake peke yake, baba ana lake, mama lake. Juu ya hapo, yule mama wa Kamuli aliyempokea Mariya alimpa jina la nyumbani kwake, Kokushubira, maana mtoto anayelala kwako huwezi kumwacha na jina nusu. Karatasi yangu ikasoma Mariya Kokushubira, mzazi Gaspard. Majina hayafanani hata herufi, na ofisi nzima hakuna aliyeinua jicho. Ndivyo majina yalivyo huku.

Mtu wetu akaenda Kamuli kuhakiki. Mnajua alihakiki na nini? Na karatasi yangu. Imeandikwa Mariya, msichana, nyumba ya fulani. Akamkuta Mariya, msichana, nyumba ya fulani. Akapiga tiki.

Siku ya kumkabidhi, kwenye baraza ya ofisi, nilikuwepo, kwa sababu nilipenda kuwepo. Ilikuwa inaonekana kama kazi yangu.

Yule mama wa Kamuli alimleta mwenyewe, amemfungia ndizi mbivu kwenye kitambaa. Mtoto akajificha nyuma ya nguo yake. Mke wa Gaspard akachuchumaa, akamtazama muda mrefu sana, akamshika mashavu. Mwisho akasema kwa Kinyarwanda kuwa amebadilika. Gaspard alikuwa anaangalia karatasi yenye muhuri.

Mtoto akasema neno. Mama Imelda akasogea karibu yangu.

"Anasema hawa si wa kwao."

Nikamwambia mtoto aliyeachana na wazazi akiwa mdogo vile hawezi kuwakumbuka.

"Na kadi yangu inasema ni wa Stanislas," akasema.

"Mama, kadi zinachanganyikana. Mashine haichanganyi."

Alinitazama kidogo. "Haya, nshomile," akasema, akaingia ndani kwenye chai yake.

Simlaumu mke wa Gaspard. Mtu aliyelia miaka miwili, ukimwekea mbele mtoto na karatasi yenye muhuri, ataamini karatasi. Wakapanda lori la kuwarudisha kwao pamoja na wengine. Mtoto alilia, na mimi nikawaambia wenzangu kuwa baada ya wiki atazoea. Niliyasema haya kwa mdomo huu.

Stanislas akawa anakuja kila Alhamisi.

Alikuwa amenizidi umri, si kwa mwaka mmoja wala miwili. Lakini mimi nilikuwa ofisini na yeye alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, kwa hiyo aliniamkia shikamoo. Na mimi nikaitika marahaba. Kila Alhamisi. Kisha nabonyeza jina lake, programu inaleta rekodi yake mpya isiyo na mtoto, namwambia bado, kompyuta haijaona. Anashukuru. Anaondoka kwa miguu kurudi Kihanga.

Alhamisi ya nne au ya tano, alipogeuka tu, Mama Imelda akaenda stoo. Akarudi na kadi mbili, akaziweka juu ya keyboard yangu.

"Hawa niliwafunga mimi," akasema. "Nani kawafungua?"

Nilitaka kumjibu kwa jeuri kama kawaida. Nikaziangalia zile kadi. Uzi ulikuwa bado upo.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Niliinama siku mbili nzima. Kila nikijaribu programu kwa watu wachache wa kubuni, ilikuwa sahihi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa tatu wa kuja kuchukua nafasi iliyoachwa. Ndivyo hii bug ilivyo, wakuu. Nafasi ikiachwa bila mgeni, taarifa za zamani hubaki mle mle, unazisoma vizuri tu na unajiona fundi.

Siku ya pili nikaiamuru programu ichape anwani ya kila rekodi inapozaliwa na inapoachiwa. Nikaingiza tena watu wa siku ile kwa mpangilio ule ule. Nikakaa sakafuni na karatasi ya printa na kalamu nyekundu.

Stanislas wa kwanza, anwani hii. Imeachiwa. Gaspard, anwani hii. Ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu.

Nilijua wakati ule ule kuwa mtoto alipolia pale barazani alikuwa anasema kweli, na kati yetu wote aliyekuwa na taarifa sahihi alikuwa yeye na Mama Imelda.

Kurekebisha kulichukua mistari mitano. Kabla ya free(), pita kwa watoto wote, anayeelekeza kwenye rekodi inayofutwa muelekeze kwenye ile inayobaki. Ukishaachia, pointer yako iweke NULL, yaani isielekeze popote. Dakika kumi, pamoja na kucompile.

Tukashusha maboksi ya sabuni na kulinganisha kila kadi na kila rekodi. Tukakuta watoto wengine wawili wenye kosa lile lile, hao tuliwawahi kabla hawajakabidhiwa. Kilichowaokoa si code yangu mpya. Ni uzi wa magunia.

Mariya hatukumuwahi. Bosi aliandika barua kule Gaspard alikosema ni kwao, haikujibiwa. Akatuma ujumbe na dereva wa lori, jibu likaja kuwa pale hawakufika, walishuka mapema wakaelekea kwa ndugu, na ndugu yupi haijulikani. Baada ya hapo bosi akaniita akafunga mlango. Akasema umesharekebisha, inatosha, wafadhili wako njiani, habari hii isitoke nje ya ofisi.

Wafadhili walikuja, wakaonyeshwa programu. Niliongezewa mkataba na barua ya kunisifu. Mama Imelda mkataba wake haukuongezwa, kwa kuwa kadi hazitumiki tena. Ningeweza kusema neno. Nilikaa kimya, nikamsindikiza mpaka stendi kama muungwana.

Tangu bosi aseme isitoke nje, nilikaa na jambo lile Alhamisi tatu. Tatu, wakuu, nikiitika marahaba.

Ya nne sikungoja aje. Nilikwenda Kihanga, nikampitia Mama Imelda anitafsirie. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alijifunga kanga tukaenda.

Tulimkuta Stanislas anapalilia kahawa ya mtu. Nikaanza kueleza. Nikaanza na memory, nikaingia kwenye anwani, na nafasi inayoachwa ikachukuliwa. Mama Imelda alitafsiri kidogo, akaacha.

"Mwambie ulichofanya," akaniambia.

Nikasema: mtoto wako alikuwepo. Nilimpa mtu mwingine.

Akaniuliza alikuwa wapi. Aliuliza kwa Kiswahili, moja kwa moja kwangu.

"Kamuli."

Akasema, "Kamuli nimevuna kahawa msimu mzima."

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Aliniuliza nyumba ipi, nikamwambia. Akaonekana anaipita njia ile kichwani, nyumba kwa nyumba. Kisha akainama akaendelea na jembe. Mama Imelda akanishika kiwiko, tukaondoka.

Tangu siku ile hajawahi kuniamkia shikamoo tena, na ninashukuru.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Kijana wa ule uzi mwingine, C haina kosa. Ilifanya nilichoiambia. free() haifuti mtu, inafuta haki yake ya kukaa pale tu, na wote wanaomwelekea wewe ndiye wa kuwapa habari. Kabla hujaachia kitu jiulize nani bado amekishika. Jaribu programu yako na watu wengi, kwa fujo, kwa mpangilio wa siku halisi. Na kama kuna mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mikono kabla yako, usimpeleke jikoni. Majuto ni mjukuu, na wa kwangu ameshakuwa mkubwa.

Mama Imelda alifariki. Stanislas yupo, Kihanga, hakuoa tena. Namtembelea, ananipa kiti, tunaongea habari za mvua. Mwezi uliopita nilimuomba ruhusa niandike haya. Akafikiri, akasema andika, lakini weka alama ya mtoto, andiko lisilo na alama halimsaidii mtu.

Kwa hiyo changieni wakuu, tukaneni mnaotaka kutukana, wenye visa vyenu vya pointer leteni. Ila ninaomba zaidi hili. Kama wewe ni mwanamke uliyekabidhiwa kwa wazazi pale Kayanga ukiwa mdogo, au una mke, jirani, mwalimu mwenye habari hiyo, hata kama yuko Kigali, hata kama Kiswahili hajui, msomee. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikunjiki, tangu kuzaliwa. Nyuma ya sikio la kulia kuna kovu la moto, dogo kama punje ya mahindi.

Asijibu hapa hadharani, anitumie ujumbe. Hao waliomlea sina neno baya juu yao, walipewa karatasi na mimi.

Karatasi ile ilitakiwa isome hivi: mtoto Mariya, mzazi Stanislas.